Hodi Baharini

Sisi watu wa visiwani hulelewa na sheria za jicho kabla hatujalelewa na sheria za kitabu. Mtoto hajajua kuhesabu, ameshajua kwamba ua wa jirani hauchunguliwi, kwamba mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia, na kwamba mpita njia huinamisha macho panapostahili kuinamishwa. Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa fikra hiyo hiyo: baraza kwa wageni wa njiani, daka kwa anayengojea, na madirisha ya juu yanayompa aliye ndani kuona bila ya kuonekana. Jicho, kwa desturi yetu, ni mkono mwengine. Linaweza kuchukua kitu cha mtu, na linaweza kukirejesha likiwa limeshakivunja.

Lakini sheria hizi tumeziweka baina ya binadamu na binadamu. Suali ninalotaka kulileta mbele ya msomaji ni jepesi kulisema na zito kulijibu: je, kiumbe asiye mtu ana haki yoyote juu ya jicho langu? Ndege akiwa mchangani, kima akiwa mtini, pomboo akiwa katika maji yake, ninapokwenda kuwatazama kwa ajili ya furaha yangu tu, ninafanya jambo au sifanyi jambo?

Nisingelileta suali hili lau si kwa kuwa lilinifedhehesha mwenyewe, tena mbele ya mtoto.

Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma kwa upole, na mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Maskati. Ana miaka kumi. Baba yake, mtoto wa ndugu yangu, alihamia huko angali kijana, na binti huyu Kiswahili chake kina lafudhi ya pande zote mbili za bahari. Alisema anataka vitu viwili: kuona ndege wa pwani na kuona pomboo. Tukapanga kukaa wiki moja Kizimkazi, nyumbani kwa shemeji yangu, na kwa kuwa haraka hatukuwa nayo tukasimama njiani Unguja Ukuu, maji yakiwa yamekupwa.

Anayepajua Unguja Ukuu wakati wa bamvua hahitaji nimweleze. Bahari hurudi nyuma hata ukadhani imehama, na mbele ya mikoko hubaki uwanja wa tope na mchanga unaometa mpaka upande wa Uzi. Uwanja huo ulikuwa na watu wake. Kitwitwi wakikimbia mbio ndogo ndogo, wakisimama, wakidona, wakikimbia tena. Sululu akipita peke yake kwa heshima zake, mdomo wake umepinda kama chombo cha chuma alichopewa jina moja nacho, na kwa kweli kazi yao ni moja, maana wote wawili huchimba. Na mbali kidogo, kundi la ndege weupe wenye joho jeusi mgongoni, miguu mirefu ya kijivujivu na mdomo mweusi mnene, wala kaa.

"Hawa wa kwetu, babu," alisema mjukuu wangu. Alikwishawaona kwenye kitabu cha shule.

Alisema kweli. Mla kaa huyu hazaliani kwetu. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Omani, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na hufanya hivyo kwa namna isiyofanywa na ndege mwengine wa jamii yake: huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai jeupe, aghalabu moja tu, na joto la mchanga likamsaidia kuliatamia. Kisha huja kwetu kula. Kwa hiyo walikuwa wa kwetu, na wa kwao, kama alivyo yeye binti, na niliona raha kumwambia hivyo.

Naye akafurahi, na furaha ya mtoto iko miguuni. Akawakimbilia. Kundi lote likaruka, weupe na weusi ukageuka hewani kwa pamoja, likatua mita mia mbele. Akawakimbilia tena. Nikacheka, nikampiga picha kwa simu. Mara ya tatu kitwitwi nao wakaondoka, na uwanja ule uliokuwa na watu ukabaki sisi wawili.

Wakati ule sikuona kosa. Ndege huruka, ndiyo kazi ya mbawa. Baadaye ndipo nilipokaa nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuijua, mimi niliyesomesha zaidi ya miaka thelathini. Miongoni mwa kitwitwi wetu wamo wenye mdomo uliopinda kidogo ambao huzaliwa katika rasi ya Taimyr, kaskazini mwa Siberia. Kutoka huko mpaka Unguja ni karibu kilomita 10,000 kwa mstari ulionyooka, na hapana ndege anayesafiri kwa mstari ulionyooka. Uzani wake ni gramu 60 hivi, kadiri ya yai la kuku. Anakuja kwetu ili ale, na kula kwake si wakati wowote: hula maji yakikupwa, na maji yakijaa hupumzika juu ya fungu la mchanga. Inapokaribia masika huongeza mafuta mwilini, kwani mafuta hayo ndiyo nauli ya kurudi. Kila anaporushwa bilashi hula katika nauli ile. Mtoto mmoja akikimbia mara tatu hajamuua ndege hata mmoja, hilo nakiri. Lakini ufukwe hauna mtoto mmoja, na msimu hauna siku moja.

Asubuhi ya pili tulipanda boti, kabla jua halijapanda sana. Nahodha alikuwa kijana wa makamo, mwenye adabu, akiniita Maalim kwa kuwa shemeji yangu alikwishamwambia kazi yangu. Ghuba ya Menai siku hiyo ilikuwa kama sinia. Wanaosema kwamba pomboo wa Kizimkazi ni wenyeji hawakosei: wako huko mwaka mzima, wa aina mbili, na wazee wanajua wapi huwa wakati gani. Nahodha alijua pia. Alipoona mapezi ya kwanza akapunguza mwendo, kisha akazima mashine kabisa, tungali mbali nao.

Walikuwa sita au saba. Walikuwa wakienda taratibu sana, wamekaribiana, wakipanda kuvuta pumzi na kushuka bila ya haraka, na mmoja wao ana mtoto ubavuni. Nahodha akaninong'oneza kwamba hivyo ndivyo wanavyolala. Pomboo hawezi kulala kama sisi, maana akilala hivyo atazama. Hupumzisha nusu ya ubongo, nusu ya pili ikikesha.

Tulikaa hivyo kwa dakika tano, labda saba. Mimi sikuwa nikiona vizuri. Miwani yangu ilikuwa na chumvi, jua likinipiga usoni, na nilifikiri: mtoto ametoka Maskati, boti nimeilipia, naye pomboo atamwona kama uzi mweusi juu ya maji? Nikatoa noti ya shilingi elfu kumi, nikamwambia nahodha, "Mwanangu, tusogee kidogo."

Akaitazama noti, akaitazama bahari. Kisha akavuta kamba ya mashine.

Kilichofuata kila aliyefika huko katika msimu wa wageni amekiona. Boti nyengine zilizokuwa zikitafuta zikatuona tunakwenda, zikaja. Nilihesabu tisa. Pomboo wakageuka, nasi tukageuka. Wakazama, tukazunguka na kuwangojea mbele. Wageni wakajitupa majini na miwani yao ya kupigia mbizi, wakipiga makelele ya furaha, na pomboo wakapita chini yao wakaibuka upande wa pili, safari hii kwa haraka, na yule mwenye mtoto akawa nje ya kundi, akiweka mwili wake baina ya mtoto na sisi. Sasa niliona vizuri kabisa.

Mjukuu wangu hakuingia majini. Alikuwa ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Babu, wao wanajua kwamba sisi tunawaangalia tu?"

Sikuwa na jibu, na nadhani mpaka leo ninalitafuta.

Katika kurudi nahodha ndiye aliyezungumza, kwa sababu aliona nimenyamaza. Alisema babu yake alikuwa mtu wa chusa. Msomaji wa mjini huenda hajui, lakini hapa Kizimkazi, mpaka katikati ya miaka ya 1990, pomboo alikuwa akiwindwa, na nyama yake ikifanywa chambo cha papa. Miaka ya mwanzo ya 1990 wakaanza kuja wageni wanaotaka kumwona akiwa hai, na wavuvi wakagundua kwamba pomboo mmoja hutazamwa leo na kesho na keshokutwa, ilhali chambo hutumika mara moja. Chusa kikawekwa. Mwaka 1997 ghuba nzima ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. "Macho hayaui, Maalim," alisema nahodha. "Mimi watoto wangu wanasoma kwa pomboo." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza bila ya uchungu wowote: "Ukinipa nisogee, nitasogea. Nikikataa, kesho utapanda ya mwenzangu."

Hoja ya nahodha ni nzito, na wanaozungumzia maumbile wakiwa wameshiba wasiipite mbio. Jicho la mgeni, kwa makosa yake yote, limemwokoa pomboo wa Kizimkazi na chusa. Anayesema wageni wafukuzwe na aseme pia watu wale nini. Lakini hoja hiyo ina shimo katikati yake, nalo ni neno "macho". Macho hayaui, kweli. Macho hayana mashine pia. Tulichokipeleka katikati ya wale waliolala kilikuwa macho yakiwa na nguvu za farasi arubaini nyuma yake, mara tisa. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao kwa miaka wameona kwamba boti zikizidi, mapumziko yao hupungua na mwendo huongezeka, na kwamba majike wenye watoto ndio wanaojitenga zaidi. Mama anayenyonyesha hali ya kukimbia hana ziwa la kutosha. Pomboo wa jamii hii hubeba mimba mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja kwa miaka kadhaa. Chusa kilikuwa kinaua kwa siku moja kinachoonekana. Sisi tunapunguza polepole kisichoonekana, tena tukirudi nyumbani tukisema tunawapenda.

Hapa ndipo suali la mtoto linapouma. Wao wanajua kwamba tunawaangalia tu? Tumefundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na haya ni maneno ya haki. Lakini nia yangu ni hesabu baina yangu na Mola wangu. Pomboo hapewi nia yangu, hupewa mashine yangu. Imepokewa katika Hadithi kwamba masahaba walipokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, na mama yake akaja akitandaza mbawa mbele yao. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuliza ni nani aliyemtia huzuni huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha warejeshwe. Yamkini waliowachukua walikuwa wakiwaona wazuri tu. Hawakuulizwa nia. Kilichoulizwa ni huzuni ya ndege.

Kuna atakayesema kwamba huzuni ni jambo moja na staha ni jambo jengine: mnyama huweza kuumia, lakini hawezi kuvunjiwa heshima kwa kutazamwa, maana hana siri. Mimi pia nilishika kauli hii muda mrefu, na mashiko yake yana ukoo mzuri. Katika karne ya 10, wanafalsafa wa Basra waliojiita Ikhwan as-Safa waliandika risala ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Kisa chenyewe, jambo la kutufurahisha sisi, kinaanzia kisiwani: chombo kimetupwa na dhoruba, watu wameshuka, wamekuta wanyama wakiishi kwa amani, wakaanza kuwakamata. Mashtaka ni marefu na ya kutoa machozi: kupigwa, kubebeshwa, kuchinjwa, kutenganishwa na watoto. Mwishoni wanadamu wanashinda kesi, ingawa kwa namna inayowaachia mzigo wa kujibu huko mbele. Nimekisoma kisa hicho zaidi ya mara moja, na safari hii nilikisoma nikitafuta mnyama mmoja aliyelalamika kwa kutazamwa. Sikumkumbuka hata mmoja.

Kwa nini? Sidhani kwamba ni kwa sababu kutazama hakuna uzito. Nadhani ni kwa sababu zamani kutazama kulikuwa na gharama yake kwa mtazamaji mwenyewe. Aliyetaka kumwona paa aliamka usiku, akakaa kimya, akaumwa na usubi, na mara nyingi akarudi bure. Subira ile ilikuwa ndiyo staha, hata kama hakuiita hivyo. Hata washairi wetu, ambao wamemtumikisha njiwa kama tarishi na tausi kama pambo bila ya kuwauliza, hawakumpunguzia njiwa yeyote punje. Leo gharama ya kutazama imehamishwa. Mimi nilitoa noti, na aliyelipa kwa pumzi zake alikuwa yule mama.

Narudi kwenye desturi yetu. Mtu anayekwenda nyumba ya watu hupiga hodi. Hodi si sauti tu. Kwanza unasimama nje. Kisha unangojea. Ukipiga mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka, na hukasiriki, wala hukwenda kuchungulia dirishani kwa hoja kwamba umetoka mbali. Sehemu hii ya tatu ndiyo ngumu, na bila ya hiyo mbili za mwanzo ni maigizo. Sasa nahodha wangu, alipozima mashine mbali, alikuwa amepiga hodi. Waliolala walikuwa hawajajibu. Dakika tano, saba. Mimi ndiye niliyevunja mlango, na nilivunja kwa sababu nilikuwa nimelipa. Mtu akilipa huacha kuwa mgeni. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa Kizimkazi mwenyeji mmoja, wa nchi kavu, kweli anapona. Mwenyeji wa pili hatujamuuliza.

Pomboo atajibuje hodi? Anajibu kwa mwili. Mara nyengine huja mwenyewe kwenye boti iliyozimwa, akapita chini, akageuka ubavu. Huo ni mkaribisho. Akizama na kubadilisha njia, huo nao ni jibu, na halihitaji mkalimani. Kima punju wa Jozani, ambaye asili yake haipo popote duniani ila Unguja, hushuka mwenyewe mpaka karibu na njia na kula majani mbele ya wageni bila ya kuwajali, na sioni dhambi kumtazama hapo maadamu hukumnyooshea mkono. (Kwa wakulima waliopakana naye habari ni nyengine, wamelalamikia minazi yao kwa miaka mingi, na ijapokuwa utafiti wa miaka ya 1990 uliona kwamba vidaka anavyokula havipunguzi mavuno, mwenye mnazi ana haki ya kutoridhika na hesabu ya mgeni.) Na Kidike, Pemba, ambako popo wakubwa wasiopatikana kwengine waliwahi kuwindwa mpaka wakahofiwa kwisha, kisha wanavijiji wakawalinda na idadi yao ikapita 20,000 katika miaka ya 2000, niliwahi kumwona mgeni akipiga makofi chini ya miti ili waruke apate picha. Mzee wa hapo akamshika mkono kwa upole. "Bwana," akamwambia, "wamelala."

Mzee yule aliweza kusema hivyo kwa sababu hapakuwa na mti wa pili na mzee wa pili wa kumkimbilia. Nahodha wangu ana wenzake wengi wanaomngojea akatae. Ndiyo maana sikubali wanaomtupia yeye lawama zote. Miongozo ya namna ya kuwaendea pomboo ipo Kizimkazi, na manahodha wanaijua kuliko mimi. Anayeshika usukani, kwa hakika ya mambo, ni aliyekaa mbele na pochi yake. Siku wageni wanane kati ya kumi watakaposema "usisogee", nahodha atakayesogea ndiye atakayekosa wateja. Sijui kama siku hiyo itafika. Najua kwamba mimi, siku ile, nilikuwa na nafasi ya kuwa mmoja wao, na gharama yake ilikuwa ni kuweka noti mfukoni.

Nilimwambia mjukuu wangu jambo hilo usiku, barazani. Nilimwambia kwamba babu alikosea, na kwamba nahodha alikuwa sawa mpaka nilipomharibia. Hakunijibu juu ya pomboo. Aliniuliza kama ndege wa Unguja Ukuu nao walikuwa wamelala.

"Walikuwa wakila," nikasema.

"Basi mbona hukunikataza?"

Siku ya kurudi mjini tulisimama pale pale. Maji yalikuwa yameanza kupanda. Tukakaa chini ya mkoko wa ukingoni, na nikamwambia hatutanyanyuka. Usubi walitula. Kwa nusu saa nzima hapakuwa na kitu ila kaa, na binti akaanza kuchora mchangani, akachoka kuchora. Kisha kitwitwi wakaja na ukingo wa maji, wakisukumwa na maji yenyewe, hatua kwa hatua, mpaka tukaona vidole vyao. Wala kaa walibaki mbali, juu ya fungu jeupe, na fungu lilivyozidi kumezwa wakazidi kusogeleana. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama wataruka kwenda Maskati. Nikamwambia bado, miezi bado.

Hatukuwaona kwa karibu. Maji yakatufikia miguuni, tukaondoka sisi.